Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vifaa vya kompyuta: kipi kinafanya nini na kikisumbua utajuaje

Mi ni fundi wa kompyuta hapa Dar, na kila wiki napokea mashine ambayo mwenyewe ameshaambiwa akanunue nyingine, alafu nikiifungua nakuta tatizo ni kitu kidogo tu. Inaniuma kwa sababu hela yenyewe mtu kaitafuta kwa shida. Kwa hiyo nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi na nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele yangu, boksi lake likiwa wazi mezani. Tafuta linalokuhusu.

Kwani CPU si ndo lile boksi lenyewe?

Hapana, na hili ndo kosa linalowagharimu watu kuliko mengine yote. Huku kwetu tumezoea toka shuleni, lile boksi linalosimama chini ya meza tunaliita CPU na kila mtu anaelewa, kwa hiyo haina shida mpaka siku limeharibika. Hapo unampigia fundi unamwambia "CPU yangu imekufa", sasa kama si mwaminifu anakutajia bei ya prosesa, na kama ni mwaminifu anafunga safari na prosesa mkononi kumbe tatizo lilikuwa waya wa umeme. CPU yenyewe ni prosesa, kidude bapa cha mraba ambacho kinakaa kiganjani na nafasi inabaki, kimejificha chini ya feni pale katikati. Lile boksi we liite boksi, au kasha, au mashine, inatosha.

Na ujue kabisa kwamba prosesa ni kati ya vitu vinavyokufa mara chache sana. Pawasaplai nimebadilisha nyingi, RAM nyingi, hadidiski ndo usiseme, lakini prosesa iliyokufa yenyewe bila kupigwa na umeme wala kupindwa miguu nazihesabu kwa vidole. Mtu akikwambia prosesa imekufa, muulize amejuaje.

Sasa ndani ya hilo boksi kuna nini na nini?

Tufuate umeme unavyoingia, ni rahisi kukumbuka. Unatoka ukutani ukiwa wa volti 230, unaingia kwenye pawasaplai, lile dude la bati lenye feni yake na furushi la nyaya za rangi, hilo linaubadilisha uwe umeme kama wa betri, wa volti 12, volti 5 na volti 3.3, maana vifaa vya ndani haviwezi kula umeme wa ukutani hata sekunde moja. Kutoka hapo unaingia kwenye mazabodi, lile bodi kubwa ambalo kila kitu kimechomekwa juu yake au kimeungwa kwake kwa waya. Juu ya mazabodi kuna prosesa inayofanya mahesabu yote, pembeni yake kuna RAM, vile vibao virefu vyembamba vilivyosimama, alafu kuna diski inayotunza vitu vyako, iwe hadidiski ya kuzunguka au SSD. Mashine nyingine zina kadi ya grafiki, ya kushughulikia picha za kwenye kioo. Basi. Feni na nyaya ni za kuvihudumia hivo.

Mpangilio huu ni wa zamani. IBM walipotoa kompyuta yao binafsi Agosti 1981, ilikuwa na mazabodi, prosesa ya Intel 8088, RAM, pawasaplai na sloti za kuchomeka kadi, ila ile ya bei ya chini kabisa ilikuwa na RAM ya kilobaiti 16 tu. Mashine ya GB 8 ya leo ina RAM mara laki tano na zaidi ya hiyo. Lakini ukimleta fundi wa miaka ile leo akafungua boksi lako, dakika mbili nyingi, ataonyesha kwa kidole hiki ni hiki na hiki ni hiki.

Tofauti ya RAM na hadidiski ni nini? Mi nina RAM ya GB 500.

Hiyo GB 500 ni diski, RAM yako labda ni GB 4 au 8. Hili swali naliulizwa kila siku ya Mungu, acha nilielezee vizuri.

Chukua fundi cherehani. Kabatini ana majora ya vitambaa na nguo za wateja, zinakaa humo hata mwaka. Akitaka kushona anatoa kitambaa kabatini anakitandaza mezani, anakata, anashona, akimaliza anarudisha. Kabati ndo diski. Meza ndo RAM. Fundi mwenyewe ndo prosesa. Sasa ukifungua Word, kompyuta inaitoa Word kwenye diski inaitandaza kwenye RAM ndo unaanza kuandika, na kila unachoandika kiko mezani, hakijaingia kabatini mpaka useme hifadhi.

Na RAM ina tabia moja, umeme ukikatika inasahau kila kitu papo hapo, meza inafagiliwa yote. Ndo maana umeme ukizimika ukiwa umeandika kurasa tatu hujahifadhi, zimeenda, ila yale mafaili ya mwaka jana yapo palepale. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimefuta picha ili RAM isijae" anafagia kabati akidhani anaongeza meza. Kufuta picha kunakupa nafasi kwenye diski, kwenye RAM haikuongezei kitu. Ukitaka kupunguza mzigo wa RAM funga programu usizotumia, na hasa zile tabu 40 za Chrome, kila tabu ina kitambaa chake mezani.

Kompyuta yangu imekuwa nzito sana, niongeze RAM au niweke SSD?

Usinunue chochote kwanza. Ikiwa imeanza kustaki, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kuna kidirisha kitafunguka kinaonyesha prosesa, RAM na diski kila kimoja kinatumika asilimia ngapi. Kikitokea kikiwa kidogo, bonyeza chini pale kipanuke. Fanya kazi zako za kawaida huku unakiangalia. Ukiona diski imeng'ang'ania asilimia 100 wakati RAM ina nafasi, shida ni diski, na hiyo ndo hali ya mashine nyingi za mtumba zenye hadidiski. Ukiona RAM iko asilimia 90 na kitu, ongeza RAM. Zikiwa zote mbili ziko juu mara nyingi RAM ndo imeanza, kwa sababu meza ikijaa fundi anaanza kurudisha vitambaa kabatini na kuvitoa tena kila dakika, diski nayo inahema.

Sasa kwa nini SSD inabadilisha mashine hivo mpaka mtu anadhani umempa nyingine. Hadidiski ya kawaida ina sahani zinazozunguka kweli kweli, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono wenye kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea juu ya sahani bila kuigusa. Ukitaka faili, mkono lazima usogee alafu usubiri sahani izunguke mpaka sehemu yenyewe ifike, kama milisekunde 10 hivi. Unaona ndogo, lakini Windows ikiwaka inafungua maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, kila kimoja na safari yake. SSD haina kinachozunguka, ni chipu tupu kama za flashi ila za kasi zaidi, kufikia faili inachukua sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Kwa mafaili makubwa, hadidiski inasoma kama megabaiti 100 mpaka 200 kwa sekunde, SSD ya SATA, ile ambayo mara nyingi inakaa mahali pa hadidiski, inafika 500 na kidogo, na zile za NVMe zinazofanana na kibao cha chingamu zinakwenda maelfu.

Mashine ya zamani ya i5 (aina ya prosesa ya Intel) yenye hadidiski ambayo inawaka dakika tatu nne, ukiiwekea SSD inawaka ndani ya nusu dakika. Nimewaona watu wazima wakicheka kwa furaha pale mezani. Kwa hiyo kama bajeti ni moja tu na mashine yako bado ina hadidiski, mi nakwambia SSD kwanza, isipokuwa RAM ni GB 4 au chini, hapo jitahidi vyote viwili.

Tahadhari moja. Hadidiski ikitaka kufa mara nyingi inatoa taarifa, inagonga tak tak, inakuwa nzito, mafaili yanagoma kufunguka. SSD inaweza kufa ghafla asubuhi moja bila kuaga. Vitu vyako vya maana viwe sehemu mbili.

Nimenunua diski ya GB 500 inasoma 465, nimepigwa?

Hujapigwa. Kiwanda kinahesabu GB moja kama baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, kwa hiyo baiti ni zilezile ila namba inayoonyeshwa inakuwa ndogo. GB 256 utaona 238, TB 1 utaona 931. Umepigwa kama ni flashi ya TB 2 ya bei ya chipsi, hizo nyingi zinadanganya ukubwa, unajaza picha alafu za mwisho zinafuta za mwanzo.

i3, i5, i7, si kubwa ndo bora?

Wauzaji wengi wanaishia hapohapo, "hii ni i7 mzee", na mnunuzi analipa. Angalia namba inayofuata. i7-2600 ni ya jenaresheni ya 2, ya mwaka 2011. i3-8100 ni jenaresheni ya 8, na kwa kazi nyingi za kawaida hiyo i3 haiachwi na ile i7, inakula umeme kidogo na inakubali Windows 11 ambayo ile i7 haiikubali. Namba za mwanzo baada ya kistari ndo jenaresheni: 2600 ni ya pili, 4570 ya nne, 6500 ya sita, 8500 ya nane, 10400 ya kumi.

Alafu kwenye laptopu angalia herufi ya mwisho. U maana yake imetengenezwa itumie umeme kidogo. i5-6500 ya mezani ina viini vinne (zile sehemu za prosesa zinazofanya mahesabu kwa wakati mmoja), i5-6300U ya laptopu ina viwili, zote ni i5 na zote ni jenaresheni ya 6. Kuanzia jenaresheni ya 8 hata zile za U za i5 zikawa na viini vinne, ndo maana mi nikiulizwa laptopu ya mtumba ya mwanafunzi nasema tafuta ya nane kwenda mbele ukiweza.

RAM yoyote inaingia kwenye mashine yangu?

Haiingii. Kuna aina za DDR3, DDR4 na DDR5, na kila moja ina kile kipengo cha chini mahali pake ili usiweze kuchomeka isiyohusika. Usiilazimishe, ukiona haikai ujue si yake. Za laptopu ni fupi, karibu nusu ya zile za desktopu. Kwa haraka haraka, mashine za Intel jenaresheni ya 2 mpaka ya 4 ni DDR3, za 6 mpaka 10 nyingi ni DDR4. Njia ya uhakika ni kuchomoa iliyopo na kwenda nayo dukani, muuzaji aione. Kuna laptopu nyembamba ambazo RAM imechomelewa kwenye mazabodi, hizo huongezi kitu, uliza kabla ya kulipa.

Mazabodi kazi yake ni nini, mbona kila fundi anasema imekufa?

Kazi yake ni kuunganisha. Data zote na umeme wa vifaa vingi vya ndani unapita hapo, kwa hiyo ikifa kweli mashine haiongei kabisa. Sema na yenyewe inasingiziwa sana. Kuna mama mmoja mwenye steshenari aliniletea desktopu, sehemu mbili kaambiwa mazabodi imekufa anunue mashine nyingine, na msimu wa fomu za shule ulikuwa umeanza. Nikaichomoa RAM, zile meno zake za dhahabu zilikuwa zimefubaa, unajua huku pwani na chumvi ya hewa na unyevu, nikazisugua taratibu na ufutio ule mweupe wa shule, nikapuliza sloti, nikarudisha. Ikawaka. Yule mama alikaa kimya kidogo alafu akaniuliza, "Baba, hivi ni hicho tu?" Ni hicho tu. Kwa hiyo kabla mazabodi haijahukumiwa, RAM ichomolewe irudishwe, ijaribiwe moja moja, pawasaplai ijaribiwe nyingine, ndo maneno mengine yafuate. Kapasita, vile vidude kama vikopo vidogo, zikiwa zimevimba vichwa au zinavuja, au kuna alama ya kuungua, hapo sawa.

Kila nikiwasha saa na tarehe inarudi nyuma miaka, na mtandao unasema tovuti si salama. Ni virusi?

Ni betri. Kwenye mazabodi kuna kibetri cha duara kama sarafu kinaitwa CR2032, cha volti 3, kinaifanya saa iendelee kutembea hata umechomoa umeme. Kikiisha, mashine inaamka ikidhani ni mwaka wa zamani, sasa tovuti zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na kuisha, tarehe zisipolingana kivinjari kinakataa. Kibetri kinauzwa bei ndogo hata maduka ya saa. Zima mashine, chomoa umeme, bonyeza kile kishikizo, weka kipya upande wa jumlisha juu, washa urekebishe tarehe. Kuna watu wanalipa fundi afute virusi kwa sababu ya hiki kibetri.

Pawasaplai ni muhimu kiasi gani? Na UPS, stabilaiza, je?

Hapa naomba unisikilize kwa makini maana ndo panapoua mashine nyingi zaidi mjini. Umeme kukatika si tatizo kubwa kama umeme kurudi, ule unaorudi kwa kishindo. Umeme ukikatika nenda kachomoe waya ukutani, subiri urudi, upe dakika kadhaa utulie ndo uchomeke. Hii haina gharama yoyote.

Stabilaiza inarekebisha umeme unaopanda na kushuka ila ukikatika na yenyewe inazima. UPS ina betri ndani, inakupa dakika kadhaa uhifadhi kazi na kuzima vizuri, si ya kuangalia mpira mpaka mwisho. Na usichomeke printa ya leza kwenye UPS ndogo, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo inapopasha joto, UPS inalia na kuzima.

Kwenye pawasaplai nyingine za zamani kuna kaswichi kekundu nyuma kenye 115 na 230. Hapa Tanzania kakae 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa kwenye 115, ukichomeka hivo utasikia mlio mmoja na harufu. Angalia kabla ya kuchomeka, kila mara, hata kama muuzaji kasema keshajaribu.

Na tafadhali pawasaplai usiifungue mwenyewe. Kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Kompyuta inajizima yenyewe baada ya dakika chache, hasa mchana.

Joto. Prosesa ikipata moto sana inapunguza kasi yenyewe kwanza, na ukizidi inazima ili isiungue, hiyo ni kinga. Fungua boksi utakuta vumbi limefunga yale mapezi ya bati chini ya feni kama blanketi. Puliza, huku umeishika feni isizunguke ovyo. Kati ya prosesa na bati kuna dawa ya kijivu au nyeupe tunaiita pesti, baada ya miaka inakauka inakuwa chokaa, ifutwe iwekwe nyingine, kiasi cha punje ya njegere tu. Boksi lisikae chini sakafuni wala lisisukumwe ukutani likaziba feni ya nyuma. Laptopu usiiweke kitandani, matundu yake ya hewa yako chini.

Na mende. Wanapenda joto la ndani ya boksi na wanakufa kwenye pawasaplai wakiunganisha nyaya. Zile nafasi za nyuma zilizo wazi zibe kwa vile vibati vyake.

Inawaka, feni zinazunguka, lakini kioo cheusi.

Anza na ya bure: monita yenyewe imewashwa? Waya wake umekaza pande zote mbili? Kama mashine ina kadi ya grafiki, waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, zile tundu za chini zilizolala, usichomeke juu kwenye mazabodi. Baada ya hapo RAM, ichomoe usafishe kama nilivyosema. Mashine ikilia bip bip kwa mpangilio, hesabu milio na umwambie fundi, kila kampuni ina maana zake na milio hiyo inaokoa muda mwingi.

Kadi ya grafiki lazima niwe nayo?

Kwa Word, Excel, Zoom na muvi, hapana, prosesa nyingi za Intel zina grafiki ndani yake. Kwa gemu nzito, kuedit video na michoro ya majengo, ndiyo. Ukinunua hakikisha pawasaplai inaimudu.

Zile tundu za nyuma zote za nini?

USB za bluu ndani ni za kasi zaidi, gigabiti 5 kwa sekunde, nyeusi nyingi ni megabiti 480, kwa hiyo diski ya nje ichomeke kwenye bluu. HDMI na DisplayPort zinapeleka picha na sauti. VGA, ile yenye pini 15 na skrubu mbili pembeni, picha peke yake, ni ya toka 1987 na projekta nyingi za mashuleni bado zinaitumia. Tundu la waya wa mtandao linafanana na la simu ya mezani ila pana zaidi. Ya kijani ni ya spika au hedifoni, ya pinki ni ya maiki.

Mashine yangu haikubali Windows 11, niitupe?

Usiitupe. Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 apdeti za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, lakini mashine haikuzimika siku hiyo. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa sehemu kubwa prosesa ya jenaresheni ya 8 kwenda juu. Za chini ya hapo, kama ni za kuandikia na kuchapisha, ziwekee Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni bure na unaonekana karibu na ulivyozoea. Ila kama unafanya mambo ya benki na hela za watu kwenye mashine hiyo, usibaki kwenye mfumo usiopata apdeti.

Naenda Kariakoo kununua desktopu au laptopu ya mtumba, niangalie nini?

Nenda mchana, nenda na flashi, na usikubali mashine ambayo imefungwa kwenye nailoni usiyoruhusiwa kuiwasha. Iwashe ikiwa imezimwa kabisa, usikute imeshawashwa, uone inachukua muda gani. Andika dxdiag kwenye sehemu ya kutafutia, itakwambia prosesa kamili na RAM, linganisha na stika ya nje, stika zinabandikwa.

Kwenye flashi yako weka CrystalDiskInfo, ni programu ya bure inayosoma afya ya diski na masaa iliyofanya kazi. Diski yenye rangi ya njano au nyekundu humo, omba ibadilishwe au bei ishuke. Kwa laptopu fungua ile skrini nyeusi ya amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport, inatengeneza ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, hesabu gharama ya betri kwenye bei yako.

Bonyeza vitufe vyote vya kibodi ukiwa umefungua Notepad, kimoja kimoja, ndiyo ni kazi, fanya. Chomeka flashi kila tundu la USB. Weka ukurasa mweupe kioo kizima utafute madoa na mistari. Chaja iwe na volti zilezile zilizoandikwa chini ya laptopu. Na uulize garantii ni ya muda gani na ya kitu gani, iandikwe kwenye risiti, maana neno la mdomo likifika wiki ya pili halina mwenyewe.

Naiuza ya zamani, nimeshafuta mafaili yangu yote. Inatosha?

Haitoshi. Ukifuta faili kwenye hadidiski kompyuta inafuta anuani yake tu, maandishi yenyewe yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuyarudisha zipo za bure. Ukiwa na picha za familia, nyaraka za ofisi au nywila humo, chomoa diski ubaki nayo, uza mashine bila diski au na diski mpya ndogo. Kama ni lazima iende nayo, tumia ile sehemu ya Windows ya kurudisha mashine upya na uchague kusafisha diski yote, inachukua masaa, iache usiku kucha ikiwa kwenye umeme wa uhakika.